Roboti inayoserereka chini ya maji: je, Ziwa Nyasa linaifaa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja wilayani Kyela. Nilisoma kuhusu roboti za baharini zinazotembea chini ya maji kwa miezi kadhaa bila propela na bila mtu ndani. Nilipowasimulia wanafunzi wa kidato cha nne, wakaniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu vizuri. Kitu kisicho na propela kinasogeaje mbele? Kinaweza kufanya kazi Ziwa Nyasa, au ni cha bahari tu? Na mmoja akasema, bahari iko mbali, sisi wa nyanda za juu inatuhusu nini? Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, wape hongera wanafunzi wako, wameuliza mambo yenyewe hasa. Nianze na la Ziwa Nyasa: ndiyo, roboti hiyo inaweza kufanya kazi ziwani, na kwa baadhi ya mambo ziwa hilo linaifaa kuliko pwani yetu ya Bahari ya Hindi. Lakini ukiitoa baharini ukaitumbukiza ziwani pale Matema kama ilivyo, itakwenda chini moja kwa moja na hutaiona tena. Sababu zote mbili zimo katika namna inavyotembea, kwa hiyo tuanzie hapo.

Roboti hizi huitwa glaida. Kwa umbo ni bomba lililochongoka mbele, lenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, uzito wa kilo 50 hadi 60, mabawa mawili membamba ubavuni na antena nyuma. Watu wawili wanaibeba na kuishusha majini kutoka kwenye mashua ya kawaida. Ndani kuna kompyuta, betri nyingi ambazo ni sehemu kubwa ya uzito wake, na pampu. Pampu hiyo ndiyo injini. Ndani ya ganda gumu kuna tangi dogo la mafuta, na nje ya ganda, mahali maji yanapofika, kuna puto la mpira. Pampu inaposukuma mafuta kutoka tangini kwenda kwenye puto, puto linavimba. Tungamo ya glaida haijabadilika hata gramu moja, lakini ujazo wake umeongezeka. Sasa inachukua nafasi ya maji mengi zaidi, na kwa kanuni ya Archimedes unayoifundisha kila mwaka, inaanza kupanda. Vali ikifunguliwa mafuta yakarudi ndani, ujazo unapungua, na glaida inaanza kuzama. Mafuta yanayokwenda na kurudi hayafiki hata lita moja. Aina zinazotengenezwa kwa maji ya kina kifupi hutumia pistoni inayovuta maji ya nje puani na kuyatema, na matokeo ni yaleyale.

Ingekuwa haina mabawa, ingepanda na kushuka palepale huku ikichukuliwa na mkondo. Hivyo ndivyo yanavyofanya maboya ya mpango wa Argo, ambayo yako karibu 4,000 katika bahari za dunia: hushuka hadi mita 2,000, hupanda, hutuma vipimo, na huelea kokote mkondo utakakoyapeleka. Glaida ina mabawa, na tena ina uwezo wa kuinama. Mota ndogo inasogeza fungu la betri mbele kwa sentimita chache, pua inainama, na maji yanayopita kwenye mabawa yanaugeuza mwendo wa kushuka kuwa mwendo wa kwenda mbele na chini. Mtu anayeteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka Tukuyu kuja huko kwenu hakanyagi pedali, uzito wa mzigo na mteremko vinamsogeza mbele. Glaida hufanya hivyohivyo inaposhuka, kisha inafanya jambo ambalo mwenye baiskeli hawezi. Ikifika kina ilichoagizwa inajifanya nyepesi, betri zinarudi nyuma, pua inatazama juu, na inaserereka kuelekea juu kama ilivyoserereka kuelekea chini. Safari yake nzima ni kama meno ya msumeno, chini na juu, huku ikisonga mbele kila wakati.

Ujanja wote uko kwenye matumizi ya umeme. Propela hula betri muda wote chombo kinapotembea. Pampu ya glaida hufanya kazi nzito mara moja tu katika kila mzunguko, pale chini inapogeuka, kwa sababu ndipo inapolazimika kusukuma mafuta dhidi ya shinikizo la maji. Katika mita 1,000 shinikizo hilo ni kama mara mia ya hewa tunayoivuta. Baada ya hapo pampu inalala, na glaida inaserereka kwa saa kadhaa bila gharama kubwa. Wastani wa umeme wake ni kama wati moja, na nyingine hutumia nusu ya hapo. Kwa bajeti hiyo betri zinafika miezi. Bei inayolipwa ni mwendo: sentimita 25 hadi 35 kwa sekunde, yaani kilomita 20 hadi 30 kwa siku. Waambie wanafunzi wayashike haya mawili pamoja, uvumilivu mkubwa na mwendo mdogo, kwa sababu ndiyo yanayoamua glaida ifae wapi na isifae wapi.

Sasa niwape jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote katika chombo hiki. Mawimbi ya GPS hayapenyi majini. Glaida ikishazama haijui iko wapi. Ina dira, ina kipima shinikizo kinachoiambia kina chake, na inajua imeinama kwa pembe gani, basi. Kwa vitu hivyo inakadiria imesogea kiasi gani. Ikiibuka, inatoa antena juu, inapokea GPS, na karibu kila mara inakuta haiko pale ilipodhani. Chukua mfano huu wa darasani. Glaida imezama kwa saa sita, ikakadiria kwamba itaibuka kilomita sita mashariki ya ilipozamia. GPS inasema imeibuka kilomita tatu kaskazini ya pale ilipotarajia. Kilomita tatu kwa saa sita ni nusu kilomita kwa saa, kama sentimita 14 kwa sekunde, kuelekea kaskazini. Huo ndio wastani wa mkondo wa maji kuanzia juu hadi kina ilichofika. Glaida haikubeba kifaa chochote cha kupima mkondo, na bado imeupima. Kosa la makadirio limekuwa kipimo, na linapatikana bure katika kila mzamo, usiku na mchana, kwa miezi. Mwanafunzi anayejua kuchora vekta anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa rula na penseli.

Ikiwa juu, hupiga simu kwa setilaiti, hutuma vipimo vyake na kupokea maagizo mapya: nenda pale, shuka hadi mita 500, rudi baada ya saa nne. Rubani wake anaweza kuwa ofisini katika nchi nyingine kabisa. Ndani ya dakika chache inazama tena.

Wazo lenyewe lilianzia Marekani. Mhandisi Doug Webb alikuwa na fikra ya chombo cha namna hiyo, na rafiki yake Henry Stommel, mmoja wa wataalamu wakubwa wa bahari wa karne iliyopita, aliandika makala mwaka 1989 akijifanya anaishi mwaka 2021, enzi ambayo vyombo elfu moja vya aina hii vinazunguka baharini na kutuma vipimo kila siku. Chombo wakakipa jina la Slocum, kwa heshima ya Joshua Slocum, baharia wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga, kati ya 1895 na 1898. Na hapa kuna habari ya kuwafurahisha watu wa ziwani. Mwaka 1991 glaida ya kwanza ya Webb ilijaribiwa kwenye maji yasiyo na chumvi, kwanza katika chemchemi ya Wakulla huko Florida, kisha katika Ziwa Seneca jimboni New York. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema glaida ni ya bahari tu, mwambie ilianzia majini kama ya kwenu.

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Rutgers kiliishusha glaida iliyoitwa Scarlet Knight karibu na pwani ya New Jersey, tarehe 27 Aprili. Ilivuka Atlantiki yote na kupokelewa karibu na Baiona, Hispania, tarehe 4 Desemba, baada ya siku 221 na kilomita zipatazo 7,400. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa miongoni mwa walioiongoza. Mwaka mmoja kabla, glaida nyingine ya chuo hichohicho ilipotea katika jaribio hilohilo. Nalitaja hilo kwa sababu wanaosoma habari za roboti husoma ushindi tu, na kumbe glaida hupotea: hunaswa na nyavu, hugongwa na vyombo, huingiza maji, na katika bahari za joto hubandikwa viumbe vya magamba kama vile vinavyoshika chini ya mashua hadi inashindwa kusogea.

Kwa nini watu wanavumilia hasara hiyo? Kwa sababu meli ya utafiti hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa siku, hukaa baharini wiki chache, na dhoruba ikija inakimbia. Glaida moja hununuliwa kwa dola laki moja na zaidi, mara nyingine hadi laki mbili. Ni fedha nyingi, lakini ikishashuka inabaki huko. Na dhoruba ndiyo wakati tunaoutaka hasa. Setilaiti huona joto la ngozi ya bahari tu, ilhali kimbunga hunywa joto lililohifadhiwa mita nyingi chini. Oktoba 2014, kimbunga Gonzalo kilipopita kaskazini ya Puerto Rico, glaida za Marekani zilikuwa majini zikipima. Zilionesha kwamba tabaka la maji yenye chumvi kidogo juu ya bahari lilikuwa limezuia maji ya baridi ya chini yasipande, hivyo kimbunga hakikukosa chakula. Vipimo hivyo vilipoingizwa kwenye kompyuta za utabiri, makadirio ya nguvu ya kimbunga yaliboreka.

Sasa tuje kwa mwanafunzi aliyesema bahari haiwahusu. Ana haki ya kuuliza, na sitamjibu kwa kutia chumvi. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na Afrika Mashariki ikapata mvua za vuli kubwa mno. Lakini uhusiano huo ni wa wazi zaidi kwa maeneo yenye vuli na masika, kama pwani na kaskazini. Mbeya, Iringa na Njombe zina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mvua zake hutegemea ukanda wa mvua unaosafiri na jua, na unyevu unaotoka Kongo vilevile, siyo Bahari ya Hindi peke yake. Hata hivyo bahari inafika huko kwa mlango mwingine. Februari na Machi 2023 kimbunga Freddy kilizaliwa upande wa Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi tena, na kikaua mamia ya watu Malawi, ng'ambo ya ziwa lenu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani kwetu. Na maji yenu yenyewe yanakwenda huko: Kiwira, Mbaka na Lufilyo huingia Ziwa Nyasa, ziwa hutoka kwa mto Shire, Shire huingia Zambezi, na Zambezi huingia Bahari ya Hindi. Ya Usangu hupita Ruaha Mkuu hadi Rufiji na kutokea mbele ya Mafia.

Basi kwa nini tusijaze glaida pwani ya Tanzania? Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na wa kwetu, wakiwamo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, walizijaribu roboti za majini, glaida zikiwamo, katika maji ya Zanzibar na Pemba. Kwa hiyo mlango umefunguliwa. Lakini tazama ile hesabu ya mwendo. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa upepo wa kusi unaweza kupita mita moja kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 86 kwa siku. Glaida inayokazana kwenda kusini kwa kilomita 26 kwa siku itajikuta inarudi nyuma kilomita 60, kuelekea Kenya na Somalia. Dawa ni kutoshindana na mkondo: unaishusha Lindi, unaipokea Tanga, na katikati yake unakata mkondo kwa upande. Mlango wa Zanzibar nao una kina cha makumi ya mita tu. Hapo glaida inageuka kila baada ya dakika chache, pampu haipumziki, na ile faida ya betri inayeyuka. Glaida inataka kina.

Na kina, Mwalimu, mnacho ninyi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina cha takriban mita 700. Pale Matema, Milima ya Livingstone inaporomoka hadi ndani ya maji, na wanaokwenda kwa mtumbwi Ikombe kufuata vyungu wanajua jinsi chini kunavyotoweka mara tu unapoiacha fukwe. Mikondo ya ziwa kwa kawaida ni dhaifu kuliko ule wa pwani. Viumbe vya magamba vinavyobandika chombo baharini havimo. Kutu ni ndogo. Kutoka Matema hadi Mbamba Bay ni kilomita 200 na ushehe, safari ya siku nane au tisa kwa glaida, na njiani ingelipasua ziwa juu hadi chini mara kwa mara.

Ingepima nini? Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Ziwa lenu lina matabaka. Juu kuna maji ya joto, nyuzi 24 hadi 28 kutegemea msimu. Chini kuna maji ya nyuzi kama 23 ambayo hayachanganyiki na ya juu kirahisi. Tofauti hiyo ya nyuzi chache inatosha kuyatenga. Ukipita mita 200 na kidogo, oksijeni inakwisha kabisa. Samaki wote wa ziwa hilo, mbasa, usipa na mamia ya aina nyingine, wanaishi kwenye kipande cha juu, na chini yake kuna mamia ya mita ya maji yasiyoweza kumhifadhi samaki hata mmoja. Lakini maji hayo ya chini ndiyo ghala la virutubisho, kwa sababu kila kinachokufa juu huzama na kuoza huko. Mimea midogo sana ya kijani ambayo ndiyo msingi wa chakula cha usipa hunawiri pale virutubisho vya chini vinapopata njia ya kupanda. Njia hiyo hufunguliwa na upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma ule wa kusini mashariki, mwera, unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kwenu, na kule kusini maji ya chini yanapanda kujaza pengo. Upepo ukitulia, mpaka kati ya tabaka la joto na la baridi unaanza kuyumba, unapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, taratibu, huku uso wa ziwa ukiwa shwari na mtu wa mtumbwini haoni chochote. Mvuvi anaona tu kwamba wiki iliyopita usipa walikuwapo na wiki hii hawapo.

Mpaka huo unaoyumba haupimwi kwa kushusha kifaa mara moja kutoka kwenye mashua. Ukipima Jumatatu mbele ya bandari ya Itungi ukaukuta mita 60, hujui kama unapanda au unashuka, wala Mbamba Bay ukoje saa hiyohiyo. Tena wakati wa mwera, ambao ndio mambo yanatokea, mawimbi ya ziwa hilo hayamruhusu mtafiti kutoka na mashua ndogo. Glaida haijali mawimbi, muda mwingi iko chini yake. Ingebeba kipima joto, kipima oksijeni, taa ndogo inayopima wingi wa ile mimea midogo ya kijani, na kipima tope kwa ajili ya maji ya mito. Maji ya mto yakiwa ya baridi kuliko ziwa, kama yatokayo milima ya Rungwe mara nyingi yalivyo, huwa mazito na hupiga mbizi badala ya kuelea. Ningetamani sana kujua yanafika kina gani baada ya mvua kubwa za Aprili.

Sasa ile hatari ya kuzama. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ya juu ina gramu 1,023 hivi. Lita moja ya Ziwa Nyasa ina kama gramu 997. Tofauti ni gramu 26. Glaida yenye ujazo wa lita 50, iliyosawazishwa kwa bahari, ikiingia ziwani itapungukiwa nguvu ya kuielesha kwa 50 mara 26, yaani kilo 1.3. Pampu yake kuanzia hali ya katikati inaweza kuongeza nguvu ya gramu mia chache tu. Haitoshi. Kwa hiyo kabla ya kuishusha, mafundi hufungua ganda na kutoa vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia, kilo moja na ushehe, kisha huitia kwenye tangi la maji yenye joto na chumvi sawa na ya kule inakokwenda, wanaitundika kwenye mizani nyeti, na kurekebisha gramu kwa gramu. Kazi hiyo inachosha na haina njia ya mkato, maana gramu 50 zikikosewa zinakula sehemu ya uwezo wa pampu. Tofauti ya uzito kati ya maji ya juu na ya chini ya ziwa lenyewe, kwa chombo hicho, ni kama gramu 70 tu, na hiyo pampu inaimudu bila shida. Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini wanafanya hivi tayari, glaida zinatembea humo.

Vikwazo vya kweli vya Ziwa Nyasa havimo kwenye fizikia. Usipa huvuliwa usiku kwa taa na nyavu, na glaida itaingia wavuni siku yoyote. Lazima vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vya kusimamia fukwe, katika fukwe zote vijue mapema chombo hicho ni nini, kiandikwe kwa Kiswahili na Kichewa, na atakayekikuta apewe namba ya kupiga na asante ya maana. Ziwa ni la Tanzania, Malawi na Msumbiji, tena mpaka wenyewe kati yetu na Malawi haujapatiwa mwafaka, kwa hiyo chombo kinachoibuka kokote na kutuma taarifa kwa setilaiti kinahitaji ruhusa za pande zote kabla ya kushushwa. Kwa upande wetu kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hata Milima ya Livingstone yenyewe, ikisimama kama ukuta mashariki ya Matema, inaweza kuziba sehemu ya anga na kuichelewesha simu ya setilaiti, hivyo ningeiagiza iibukie mbali na fukwe.

Na kama leo ningekabidhiwa fedha kidogo kwa ajili ya ziwa hilo, nisingenunua glaida kwanza. Ningenunua kamba ndefu yenye vipima joto kila mita kumi, boya, na nanga, nikaifunga mbele ya Kyela ambako TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo chao, ikarekodi mwaka mzima. Kamba hiyo ingetuonesha mpaka wa joto unavyoyumba mahali pamoja, kwa gharama ndogo sana kulinganisha. Glaida ya kuazima kutoka chuo chenye nazo ingekuja baadaye, msimu mmoja wa mwera, kujaza yale ambayo kamba haiwezi kuyaona. Wanafunzi wako wanaopenda kazi hii wasome fizikia na hisabati kwa bidii. Uhandisi wa mitambo na umeme unafundishwa hapo Mbeya kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na sayansi za majini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Glaida inahitaji fundi wa pampu kama inavyohitaji mtaalamu wa bahari.

Kwa sasa fanyeni hivi darasani. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita yenye kifuniko kinachobana, ijaze mchanga kidogo kidogo hadi ikiwekwa kwenye ndoo ya maji ya ziwa inasimama katikati, haizami wala haiibuki. Itachukua muda, na wataona wenyewe jinsi chembe chache za mchanga zinavyobadilisha kila kitu. Kisha chukua ndoo nyingine yenye lita kumi za maji, koroga humo gramu 350 za chumvi hadi iyeyuke, na uitie chupa ileile. Itaibuka juu. Waongeze mchanga hadi isimame tena katikati, wapime kwa mizani ya maabara mchanga waliouongeza. Watapata kama gramu 13. Glaida ya lita 50 ni chupa hiyo mara mia, na hapo watakuwa wameipata kilo 1.3 kwa mikono yao. Kwa sehemu ya pili, funga puto dogo kwenye mdomo wa mpira mwembamba, mwisho wa pili uchomeke bomba la sindano lisilo na sindano, puto ulifunge ubavuni mwa chupa, na uwaache wasukume na kuvuta. Waandike ni mililita ngapi zinatosha kuipandisha chupa, na ngapi kuizamisha.